Kicheche Ajifunza Kusema Shaha

Kicheche, yule mwizi mashuhuri wa kuku, siku moja alitaka naye aitwe muungwana. Akamwendea Kanga, bingwa wa sataranji, akamwomba amfundishe mchezo.

Kanga akapanga kete ubaoni. "Huyu ndiye mfalme," alisema. "Ukimtishia mfalme wa mwenzako, sharti utamke 'shaha', ili apate kumwokoa. Akikosa pa kukimbilia, hapo unasema 'shaha mata', na mchezo umekwisha."

"Na nikinyamaza?"

"Watasema hukulelewa."

Kicheche akaona aibu hata kabla ya kukosea. Wakawa wanacheza kila jioni, na neno lile likamkaa mdomoni mpaka akawa analisema usingizini. Taabu ikawa kwenye mawindo. Kila alipomnyemelea kuku, kabla ya kuruka alijikuta anapaza sauti, "Shaha!" na kuku huyoo, anatokomea. Kicheche akakonda, mkia ukawa mnene kuliko mwenyewe.

Mwishowe njaa ikamshinda. Katikati ya mchezo aliuruka ubao bila kusema neno, akamkaba Kanga shingo.

"Ehee!" Kanga alisema kwa sauti iliyobanwa. "Leo shaha umeimeza? Ndiyo malezi ya kwenu hayo?"

Kicheche akaona haya kwelikweli. "Samahani, mwalimu." Akaiachia shingo, akarudi mahali pake, akakohoa kidogo kusafisha koo, kisha akatamka vizuri kabisa: "Shaha!"

"Nimesikia, bwana," Kanga alimjibu kutoka tawi la juu. "Na mfalme amepata pa kukimbilia."