Salamu kwa Mninga

"Shikamoo," alisema Mwalimu Kasiana.

"Marahaba," akaitikia mfanyabiashara wa mbao, msumeno wa mashine mkononi, kisha akaona haya, maana mama huyu alikuwa sawa na mama yake mzazi.

"Sikukuamkia wewe. Nimeuamkia mninga."

Mtu yule akacheka. Tangu soko huria liingie, kila mwenye kibali cha kukata miti alikuwa mkubwa pale Matogoro. "Mwalimu, miti huongea kwenye mashairi yako tu."

Kasiana akaketi shinani, akaegemea pale panga lilipoweka alama ya mti wa kukatwa. Utomvu mwekundu ukalowesha kitenge chake. Akafungua daftari.

"Mkubwa akiamkiwa, husubiriwa aitikie. Humu mninga unaitikia kwenye ubeti wa mwisho."

"Basi nisomee huo ubeti, tumalize."

"Bado sijautunga."