Sarafu ya Miaka Mia

Jimbo lilipotimiza miaka mia, Bi Raziki alipewa sarafu ya ukumbusho ya dola moja, yenye picha ya mwanamke aliyeinama akivuna chumvi. Mwanamke huyo ni yeye. Hata kovu la shavuni hawakulisahau. Jukwaa aliloitiwa lilijengwa juu ya shamba lake la chumvi, alikofukuzwa mwaka jana ili sherehe ipate uwanja.

"Itunze, bibi," alisema mkuu wa jimbo. "Hiyo ndiyo heshima yako."

Maisha yake yote Bi Raziki hakufunga gunia la chumvi kabla ya kuionja. Akaipeleka sarafu mdomoni, akailamba taratibu mbele ya wageni wote. Makofi yakakatika.

"Haijakolea, mwanangu," akasema, akamrudishia kiganjani, ingali na mate.