Mfuko wa Kupapasa

Mkono wa Mama Dobi ulizama kwenye mfuko wa mwalimu ukakuta kitu laini, chepechepe, kinachonata vidoleni.

Juzi darasa lao la watu wazima lilifumba macho, likaonja sukari na chumvi, likavitaja kwa Kiingereza. Leo ilikuwa zamu ya kupapasa. Wenzake walipata kijiko na kitana.

"Taja basi, mama! Wewe si dobi?" Mwalimu alicheka, mbavu hana.

Mama Dobi akakitoa. Kumbe soksi, imevunda kwa jasho. Chini ya meza, mguu mmoja wa mwalimu ulikuwa mtupu. Darasa zima likaziba pua.

Mama Dobi aliishika kwa vidole viwili, akamsogelea.

"Turudie mchezo wa juzi, mwalimu. Fumba macho. Fungua mdomo."