Habibo Hapangiwi

Begi lilitangulia. Habibo alilirusha juu ya ukuta, likatua upande wa pili kwa kishindo, ndipo akakumbuka kujaribu geti. Mnyororo ulikuwa unaning'inia tu, bila kufuli. Baba yake, Hirbo, mfanyabiashara wa ng'ombe anayefunga kwa kufuli hata banda la kuku, leo alikuwa amesahau. Habibo alishukuru bahati yake, akatoka kichwa juu, mchana kweupe, mtaa mzima wa Kiwanjani ukimwona.

Hakuwa mtu wa kupangiwa, huyu. Alipoambiwa asomee ualimu, alifungua kibanda cha kutengeneza simu. Alipokatazwa kupanda pikipiki, aliinunua. Mwaka jana baba alimbembeleza aolewe na Ado, mwalimu mpole mwenye nyumba ya mawe, naye akamkataa kabla chai haijapoa.

Kisha akaja Abdub, mkulima wa vitunguu kutoka Rapsu, na simu iliyoingia maji. Simu ilipona siku hiyo hiyo. Mwenyewe aliendelea kuja. Hirbo aliposikia, aliwaka.

"Huyo mchimba udongo asikanyage hapa," alisema. "Na wewe usithubutu hata kumwaza."

Kumwaza! Mpaka hapo Habibo hakuwa na hakika kama anampenda Abdub. Sasa alipandwa na hasira. Mtu anaweza kukufungia mlango, lakini kichwa? Akaamua atamwaza asubuhi hadi jioni, na akishamwaza atamfuata.

Mama yake, Sadiya, hakuingilia ugomvi huo. Miezi yote hiyo alikuwa kivulini akisuka gorfa, vile vyombo vya maziwa ambavyo bibi harusi wa Kiborana haingii nyumba yake bila kusukiwa na mama. Alisema ni za binti wa dada yake, kule Garba Tula. Kwenye mdomo wa kila gorfa alishona uzi mwekundu aliofumua kutoka kwa sweta kuukuu ya shule ya Habibo, eti hakuna kitu cha kutupwa.

"Mimi usije ukanisukia," Habibo alimwonya. "Maziwa yangu nitaweka kwa mtungi wa plastiki."

"Sawa," mama akasema, akaendelea kusuka. Gorfa zilipokwisha zilisafirishwa, na hakuna aliyezitaja tena.

Abdub alikuwa akimngoja barabarani na pikapu ya kubebea vitunguu. Mpango ulikuwa wa Habibo mwanzo hadi mwisho: afike kwa mama yake Abdub, akatae kutoka, na wazee walazimike kumaliza mambo kwa ndoa, Hirbo apende asipende. Njia nzima alijisikia mwepesi. Alicheka peke yake. Aliimba. Abdub aliendesha tu.

"Nimeamua mwenyewe," alimwambia walipopita Kinna. "Hata wewe hukunishawishi. Umesikia?"

"Nimesikia," Abdub akajibu, macho barabarani.

Huko Rapsu mama yake Abdub, aliyeitwa Tari, aliwapokea kwa salamu ndefu, wala hakuuliza msichana ametoka wapi. Alimshika Habibo mkono, akampitisha kando ya mfereji wa maji hadi kwenye nyumba mpya iliyokuwa bado inanukia moshi wa kufukizia vyombo. Abdub alibaki nyuma, akishusha begi moja dogo kana kwamba lina mawe.

Habibo aliinama kupita mlangoni, akainua kichwa, akasimama hapo hapo. Ukutani gorfa zilikuwa zimepangwa, kubwa hadi ndogo. Kila moja ilikuwa na uzi mwekundu mdomoni.

"Mama yako alizileta kabla ya Ramadhani," Tari akasema, kwa furaha ya mtu aliyechoka kutunza siri. "Sisi tulitaka kuja kukuposa kwa heshima, lakini baba yako alisema ukiombwa utakataa. Akasema tumwachie yeye, atakukataza."