Rejeleo Namba Sita

Hadi saa nne asubuhi alikuwa ameshakuta makosa kumi na moja, na hakuna hata moja lililomtosha. Nukta iliyosahaulika, mwaka uliokaa mahali pa kurasa, jina la kwanza lililotangulia la ukoo. Hayo hurekebishwa. Alichotaka Mama Nukta, kama walivyomwita ofisini, ni kosa lisilorekebishika, la kuurudisha mswada ulikotoka pamoja na aibu yake.

Ofisi ya jarida la utabibu ilikuwa na vyumba viwili, na kila mtu alikuwa na rangi yake: mhariri mkuu wino mwekundu, mpangaji kurasa wa buluu, yeye wa kijani. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa marejeleo. Kila chanzo alichokitaja mwandishi kilipewa namba, na namba hiyo ilipaswa kukutana na chanzo chake kwenye orodha ya mwisho. Akikuta chanzo kimeorodheshwa mara mbili, alikikata kwa rula na kuandika pembeni: "Kimerudiwa." Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana ukikata kimoja, vyote vilivyo chini yake hupanda ngazi moja, na ni lazima uurudie mswada mzima ukibadilisha namba moja moja.

Wenzake walikuwa na mzaha wao kwamba alikwenda kujifungua kalamu ikiwa mkononi. Haukuwa mbali na ukweli. Uchungu ulimwanzia mezani, na alikataa kuitiwa teksi mpaka amalize orodha iliyokuwa mbele yake. Mzaha huo haukusikika tena ofisini tangu binti aliyezaliwa siku ile alipozikwa, akiwa na miaka mitatu.

Mswada wa leo uliandikwa na daktari aliyemtibu binti huyo.

"Huu ningempa mtu mwingine, dada," mhariri mkuu alimwambia asubuhi, akiwa bado ameushikilia.

"Nani? Mpangaji kurasa? Huyo hata namba ya nyumba yake humuuliza mkewe."

"Nimekusikia," alisema mpangaji kurasa kutoka chumba cha pili. "Na mke wangu hajakosea hata siku moja."

Mhariri mkuu hakucheka. "Nakwambia kwa sababu nakujua."

"Kama vyanzo vyake ni sahihi, atapita. Nimemwonea mtu lini?"

Mhariri mkuu akauweka mezani.

Daktari alikuwa ameeleza kifo cha mtoto mmoja, bila jina, kwa kurasa nane. Dozi aliyopewa ilikuwa mara mbili ya iliyostahili. Hakujitetea. Aliandika tu kwamba aliipata kwa kufuata rejeleo namba sita. Ni yaleyale aliyomwambia Mama Nukta kwenye korido ya hospitali miaka minne iliyopita, macho yakiwa sakafuni: "Mama, nilifuata kilichoandikwa." Hakumwamini siku ile. Barua zake mbili alizirudisha bila kuzifungua. Huo ni uzembe, alimwambia mumewe, na mumewe, ambaye alikuwa amechoka kumchukia mtu, akazima taa.

Sasa maneno yale yalikuwa na namba. Kama rejeleo la sita halikusema alichodai daktari, makala yangeishia hapo, na yeye angekuwa na karatasi ya kumwonyesha mumewe.

Alipoliona rejeleo lenyewe, nusura atabasamu. Yalikuwa makala ya jarida lao wenyewe, ya miaka saba nyuma. Hapakuwa na haja ya kuiandikia maktaba yoyote. Toleo lilikuwa kabatini, hatua nne kutoka kiti chake.

Aliipata sentensi kwenye ukurasa wa tatu. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, waandishi walitumia dozi za jedwali lililo katika [15]. Akateremka kwenye orodha. Namba kumi na tano lilikuwa jedwali la zamani. Juu yake, kwenye kumi na nne, kulikuwa na jedwali la wataalamu walewale, kichwa kilekile, la miaka miwili baadaye, lililopunguza dozi kwa nusu.

Akasoma tena, kidole kikiwa juu ya namba. Kisha mara ya tatu. Yeyote ambaye angeifuata sentensi ile neno kwa neno angefika kwenye jedwali la zamani.

"Vipi, umemnasa?" mpangaji kurasa aliuliza, akipita na kikombe chake.

"Bado." Sauti yake ilikuwa chini. "Kuna mtu aliyekosea kabla yake."

Huenda ni waandishi wenyewe. Miswada iliyosahihishwa ilihifadhiwa chini ya kabati, ndani ya maboksi, kila toleo na kamba yake. Akapiga magoti, akafungua fundo, akapekua mpaka akaufikia mswada wa makala yale. Orodha ya waandishi ilikuwa imepigwa chapa kwa unadhifu: jedwali jipya kumi na tano, la zamani kumi na sita. Waandishi hawakukosea. Walipoandika [15], walimaanisha jipya.

Akapandisha macho kwenye orodha ileile. Chanzo cha tisa kilikuwa kimekatwa kwa mstari ulionyooka wa rula, na pembeni pameandikwa neno moja. Akafungua kurasa za nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka wa kwanza. Hakuna namba hata moja iliyobadilishwa.

Wino wa kijani ulikuwa haujafifia. Chini ya sahihi yake kulikuwa na tarehe, ya kwanza kati ya zile mbili zilizochongwa kwenye jiwe la kaburi la binti yake.