Sekunde Tatu za Kukataa

Siku hizi ukitangaziwa bidhaa ukakaa kimya sekunde tatu, umeshainunua. Sheria gani hii ya kishenzi! Mume wangu Mkanga amepooza mwili na ulimi. Leo nimerudi sokoni nikakuta fundi anamwingizia friji ya nne chumbani.

“Nani kainunua?”

“Mzee, mama. Spika ya ukutani ilimuuliza, hakukataa.”

“Hasemi! Huna macho wewe? Angekataa kwa mdomo wa nani?”

“Basi ipo huduma ya kumkatalia, mama, ya kulipia kila mwezi. Utaichukua?”

Hasira zikanipanda. Nikamkodolea macho, neno halitoki.

Spika ukutani ikalia: “Asante kwa kununua.”