Dakika Mbili za Mheshimiwa Pelkey

Shawna Gokey alipewa dakika mbili, na karibu nusu yake akaimaliza kutafuta pa kuweka mikono.

"Naitwa Shawna, natoka Harlow Pond," akasema hatimaye mbele ya kamati ya makazi ya bunge la jimbo. "Kazi yangu ni kuhudumia wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Msimu wa baridi mimi na mama tunapanga nyumba moja ya ziwani. Ikifika mwisho wa Mei wenyewe wanakuja kupumzika, sisi tunatoka. Mpaka Septemba tunalala kwenye hema. Huu utakuwa mwaka wa sita. Mama ana miaka sabini na nane."

Kuku wa plastiki aliyekuwa mezani akalia. Kuku huyo alikuwa saa ndogo ya kupimia muda wa kuchemsha mayai, na mwenyekiti wa kamati, Lorraine Pelkey, alikuwa ameitoa jikoni kwake ili asiwe yeye wa kuwakatiza watu. Safari hii aliichukua akainyamazisha.

"Endelea tu, Shawna. Hatuna haraka."

Hakuna aliyeshangaa. Ilijulikana kwamba wawili hao ni wa mji mmoja, na kwamba Shawna ndiye aliyemwogesha baba yake Lorraine hadi wiki yake ya mwisho duniani. Lorraine alivua miwani akajifuta macho. Na machozi yale, niseme ukweli, hayakuwa ya kuigiza.

Muswada wenyewe ulikuwa mfupi. Mji wowote wenye mabomba ya majitaka usiruhusiwe kukataa nyumba za kupanga za bei nafuu eti kwa sababu majirani hawazitaki. Pale Harlow Pond mjenzi alikuwa tayari, fleti kumi na mbili, na jina la mama yake Shawna lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Aliyefuata alikuwa Everett Stannard, wakili wa wenye nyumba za ziwani, mzee wa tai ya kipepeo aliyezungumza polepole kama mtu wa msibani. Wapangaji hakuwataja hata kidogo. Alizungumzia mijusi.

"Kuna mijusi wa majimaji, ndugu wa vyura, wenye madoa ya manjano," alisema. "Mvua za Aprili zikianza hutoka ardhini, wakaenda kutaga kwenye madimbwi ya theluji iliyoyeyuka. Sheria tuliyonayo inasema penye dimbwi kama hilo ujenzi usubiri uchunguzi. Naomba muswada huu usiiguse."

"Uchunguzi wa muda gani?" Lorraine akauliza, kalamu ikiwa juu ya daftari lake la manjano.

"Masika mawili mfululizo, Mheshimiwa."

"Na nani anaweza kuuomba?"

"Mkazi yeyote. Anasimama kwenye mkutano wa mji, anasema ana wasiwasi. Basi."

"Hata kama mjusi mwenyewe hajamwona?"

Stannard akakohoa kidogo. "Hata kama hajamwona."

Lorraine aliandika yote, na chini ya yale masika mawili akapiga mstari mara mbili. Huko nyuma watu walianza kugusana viwiko. Mama huyu alikuwa anamvua wakili nguo hadharani, na wakili alikuwa anamsaidia kufungua vifungo.

Kabla ya kura, Armand Thibault, mfugaji wa ng'ombe ambaye huingia bungeni na buti za zizini, aliinua mkono.

"Bi Mwenyekiti, hiyo habari ya mijusi tuifute kabisa. Wewe kwako barazani unaangalia ziwa, mimi naangalia tope, kwa hiyo nakwambia ninachokijua. Nina madimbwi kumi na moja shambani. Anayetaka kuzuia jambo hakosi dimbwi."

"Tukiifuta, Armand, watu wa mazingira watatukimbia na muswada wote utakufa. Ndivyo unavyotaka?"

"Sitaki. Ila baadaye usije ukasema sikukwambia."

Sheria ya mijusi ikabaki ilivyo. Muswada ukapita katika kamati kwa kura tisa dhidi ya nne, na kule kwenye ujia Shawna alimkumbatia Lorraine hadi nywele zikamvurugika.

"Na leo jioni, Mheshimiwa?" akauliza. "Mkutano wa mji kuhusu zile fleti ni saa kumi na mbili. Naogopa watamleta yule Stannard."

"Stannard si mkazi, hana ruhusa ya kusema. Na nimeshamuuliza yote niliyoyahitaji." Lorraine alimpigapiga begani. "Niwekee kiti."

Ukumbi wa mji ulinuka maharage ya kuoka na soksi zilizolowa. Shawna alikuwa ameweka koti lake kwenye kiti cha mstari wa mbele, kati yake na mama yake, na kila aliyekitaka alimwambia kina mwenyewe. Watu walisema yao, wengi wakiunga mkono, hata mwalimu mkuu, hata mwenye duka la zana. Mwenyekiti wa mkutano alishaanza kukusanya karatasi zake Lorraine aliponyanyuka kutoka viti vya nyuma.

Makofi yalimpokea kabla hajafika kwenye kipaza sauti. Mama yake Shawna, ambaye masikio yake yamechoka, akamvuta binti yake mkono wa sweta.

"Ndiye huyo uliyeniambia?"

"Ndiye, mama. Tulia tumsikie."

Lorraine akafungua daftari la manjano.

"Naitwa Lorraine Pelkey, naishi mkabala na kiwanja chenyewe," akasema. "Mimi sina neno na mtu yeyote hapa. Nina wasiwasi tu na mijusi."